Kiwanja kiko mita 70 kutoka korongoni: nimjibu nini wakala wa bima?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Nimenunua kiwanja nje kidogo ya Jiji la Dodoma, upande wa kuelekea Hombolo. Kimepimwa, kina hati, na kutoka ukingo wa korongo hadi bikoni ya karibu ni mita 70. Benki wamekubali kunikopesha kwa miaka 20 lakini wanataka nyumba iwe na bima. Wakala wa bima kanipa fomu yenye swali: “Je, jengo liko katika eneo lenye hatari ya mafuriko?” Mwenyekiti wa mtaa, anayeishi pale mwaka wa 13 sasa, anasema korongo lile halijawahi kutoka nje. Mdogo wangu ni mtumishi wa halmashauri ya wilaya jirani. Yeye anasema kuna “mafuriko ya miaka mia”, na kwamba yalishapita wakati wa El Niño, kwa hiyo nina amani mpaka wajukuu. Nijibu ndiyo au hapana? Na je, nijenge?

Jibu: Marahaba, mama. Umefanya vizuri kuuliza kabla fundi hajachimba msingi, maana wengi huniuliza wakiwa wameshika ufagio wanatoa tope sebuleni.

Fomu imekuachia nafasi ya neno moja, na hapo ndipo inapokukwamisha. Hatari ya mafuriko ni suala la kimo: maji yatapanda hadi wapi, na sakafu yako itakuwa wapi. Ukivijua hivyo viwili, wakala utamjibu bila kutetereka na fundi utamwelekeza. Usipovijua, hata ramani nzuri haitakusaidia sana.

Nianze na mwenyekiti. Simwiti mwongo. Chukua mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi moja kati ya mia ya kutokea. Uwezekano wa mtu kukaa miaka 13 bila kuyaona hata mara moja ni asilimia 88. Hata mafuriko yenye nafasi moja kati ya 25 kila mwaka, uwezekano wa kutoyaona kwa miaka hiyo ni kama asilimia 59. Kwa hiyo mwenyekiti anasema kweli tupu, na korongo bado linaweza kuwa la hatari. Ushahidi wa miaka 13 unaondoa mafuriko yanayokuja kila baada ya miaka miwili au mitatu. Zaidi ya hapo haukuambii mengi.

Mdogo wako naye amenaswa na jina. “Mafuriko ya miaka mia” ni jina baya tulilolirithi sisi watu wa maji, na limeshaumiza wengi. Halimaanishi kwamba yakija leo yatarudi baada ya miaka mia. Maana yake ni kwamba kila mwaka, yawe yalikuja mwaka jana au hayakuja, nafasi ni ile ile: asilimia 1. Mvua ya mwaka huu haina daftari la kuangalia ya mwaka jana ilifanya nini. Sasa ihesabu kwa mkopo wako. Kwa miaka 20 ya kulipa benki, uwezekano wa mafuriko hayo kukufikia angalau mara moja ni asilimia 18. Kwa miaka 30 ni asilimia 26. Na kama kiwanja kinafikiwa na mafuriko ya nafasi moja kati ya 25, kwa miaka 20 uwezekano ni asilimia 56, yaani yana nafasi kubwa kuja kuliko kutokuja kabla hujamaliza deni.

Hizo mita 70 nazo zinakupa faraja isiyo na mizizi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na wewe uko nje ya hapo. Safi, hakuna atakayekuja kukuwekea alama ya X nyekundu kwa kosa hilo. Lakini mita 60 ziliwekwa kulinda mto dhidi yetu. Hakuna aliyezipima kwa kufuata maji yanapofika. Kuna makorongo hapa Dodoma ambapo mita 20 kutoka ukingoni uko juu ya mwamba na unalala usingizi. Kuna mengine ambapo mita 200 bado uko kwenye uwanda tambarare ambao mto uliutengeneza wenyewe kwa kumwaga mchanga na tope miaka na miaka. Ukiona eneo tambarare sana kando ya mto, jiulize nani alilisawazisha.

Korongo la Dodoma lina tabia yake, na kwa wageni huwa halionekani kuwa mto. Mvua zetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingi korongo ni barabara ya mchanga: watoto wanacheza mpira, akina mama wanafukua visima vya maji, malori yanachota mchanga. Kisha inanyesha saa moja au mbili, kule juu vilimani, kwako jua linawaka, na baada ya muda unasikia mngurumo. Maji yanakuja yakiwa na magogo na mchanga, yanapita saa chache, yanaisha. Ndiyo maana watu wanapotelea kwenye vivuko: maji ya kina cha sentimita 30 yanayokwenda kasi yanatosha kuinua gari dogo, na dereva anaona “maji ya magotini tu”.

Usichanganye hali hiyo na ile ya Bahi. Mkoa wetu una maji yanayokwenda njia tatu. Maji ya mto Bubu yanaishia kwenye mbuga ya Bahi, hayaendi baharini. Huko mafuriko hupanda polepole, hukaa wiki nyingi, na wakulima wa mpunga huyasubiri. Upande wa kusini maji huingia Mtera na kufuata Ruaha Mkuu. Kwako wewe, kama kiwanja kiko upande wa Hombolo, maji yanaingia Kinyasungwe, yanapita Mpwapwa kwenye Godegode na Gulwe, yanafika Kilosa yakiitwa Mkondoa, na hatimaye Wami hadi Bahari ya Hindi. Wakati wa mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyovunja tuta la mto, kuwaacha maelfu bila makazi na kukata reli ya kati, sehemu ya maji yale ilitoka kwetu huku kukavu. Nalisema hili kwa sababu bima ya mtu wa Bahi na bima yako hazipaswi kufanana. Yeye anaogopa ukuta kulowa mwezi mzima. Wewe unaogopa nguvu ya maji ya saa mbili na msingi kuchimbwa.

Sasa tuingie kwenye hesabu, na uvumilie kidogo, maana hapa ndipo penye jibu. Makorongo madogo mengi hayana kituo cha kupima maji, kwa hiyo hatuna kumbukumbu za miaka 40 za kuchambua. Tunaanza na mvua. Chukua korongo la mfano linalokusanya maji kwenye eneo la kilomita za mraba 10. Chukua mvua kubwa ya milimita 60 kwa saa, na udongo ambao kati ya kila milimita 100 zinazonyesha unaachia 35 zitiririke. Zidisha 0.35 kwa 60 kwa 10, gawanya kwa 3.6: unapata mita za ujazo 58 kwa sekunde. Hiyo ni njia ya haraka. Kwa mabonde makubwa zaidi kuna njia ya Afrika Mashariki iliyoandaliwa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza mwaka 1976, ambayo wahandisi wa madaraja bado wanaitumia.

Upande wa pili, uliza mkondo wenyewe unabeba kiasi gani. Tuseme una upana wa mita 15, kina cha mita 2, na unashuka mita 3 kwa kila kilomita. Kwa mkondo wa mchanga wenye majani kiasi, unapitisha kama mita za ujazo 64 kwa sekunde kabla ya kumwagika. 58 inapita kwenye 64. Mwenyekiti yuko sahihi, korongo halitoki nje.

Halafu mchanga unaingia. Mkondo ukijaa mchanga wa sentimita 60 tu, kina kinabaki mita 1.4. Watu wengi hudhani umepoteza asilimia 30 ya uwezo. Hapana: maji yakiwa na kina kidogo yanapungua na kasi pia, hivyo uwezo unashuka hadi kama mita za ujazo 37. Mvua ile ile, korongo lile lile, na sasa mita za ujazo 21 kila sekunde zinatafuta pa kwenda. Zinatafuta kiwanja chako. Na huko juu wakijenga, wakaezeka mabati na kusakafia nyua, ile 35 ikawa 50, mafuriko yanapanda hadi 83, na hapo hata korongo lililofukuliwa vizuri halitoshi.

Kwa Dodoma mambo hayo mawili si nadharia. Mabwawa ya Ikowa na Matumbulu yalichunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu yalikuwa yanajaa mchanga na tope haraka. Mmomonyoko wa Kondoa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, uliishia kuhamisha mifugo yote kwenye eneo lililoharibika mwaka 1979. Na mji umekua: tangu serikali ihamie, mashamba ya mtama yamekuwa mitaa. Korongo analolikumbuka mwenyekiti kutoka mwaka wake wa kwanza, kwa hesabu za maji, huenda siyo korongo la leo.

Kitu kimoja ambacho hakuna hesabu ya mvua itakionyesha: tuta. Angalia chini ya kiwanja chako, upande maji yanakoelekea. Kuna barabara, reli, au ukuta wa mtu umekatiza? Kalavati likiziba kwa magogo na mifuko ya plastiki, tuta linageuka bwawa, na maji yanarudi nyuma kukufuata kutoka upande ambao hukuutarajia. Nimeshaona nyumba iliyojengwa kwa uangalifu wote ikiingiwa na maji kwa njia hiyo, mwenye nyumba akiwa anatazama korongo mlango wa mbele huku maji yakiingia kwa jikoni.

Kazi yako sasa, na haina gharama kubwa. Tembea kando ya korongo, juu na chini ya kiwanja, kama nusu kilomita kila upande. Tafuta majani makavu na takataka zilizonasa kwenye migunga. Mstari wake wa juu ndio kimo cha maji ya hivi karibuni. Angalia mizizi iliyoachwa wazi, na mchanga mweupe uliolala mahali ambapo korongo halipiti siku hizi. Kisha tafuta wazee wawili au watatu waliokuwa watu wazima wakati wa El Niño ya 1997/98. Usiulize “Je, palifurika?” Waulize maji yalimfika ng’ombe wapi, zizi la nani liliondoka, mlivukia wapi kwenda shule. Mzee atakunyooshea mti, na ule mti unapimika.

Alama zote hizo zihamishie kwenye kiwanja kwa kimo. Kama huna uwezo wa kumwita mpima ardhi na levo yake, mpira wa maji anaotumia fundi kupata usawa wa msingi unatosha kwa kuanzia, ukienda kwa hatua za mita 10 na kuandika kila kipimo. Simu na picha za setilaiti usizitegemee kwa hili: ramani nyingi za bure zimetoa kimo kimoja kwa kipande kizima cha mita 30 kwa 30, na zinaweza kukosea kwa mita kadhaa. Wewe unatafuta tofauti ya nusu mita. Kwa mvua nenda Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwa mto nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa sababu upande wa Hombolo uko chini yao. Ungekuwa Bahi ningekutuma Bonde la Kati.

Twende kwenye bima. Mwenye kampuni anafikiri hivi: uwezekano kuzidisha hasara. Kama maji yana nafasi ya asilimia 4 kila mwaka ya kuingia ndani na hasara yake ni milioni 15, basi kwa wastani nyumba yako inamgharimu laki sita kwa mwaka kabla hajalipa mishahara wala kodi. Ukiinua sakafu hadi ifikiwe na mafuriko ya asilimia 1 tu, wastani unashuka hadi laki moja na nusu. Hesabu halisi ina hatua nyingi zaidi, lakini mantiki ndiyo hiyo, na inakupa silaha ya kujadiliana: nenda na kimo cha sakafu kilichopimwa na kusainiwa, na si maneno.

Kabla ya kulipa, soma mkataba. Mara nyingi kinachouzwa ni bima ya moto, na mafuriko ni nyongeza inayoandikwa na kulipiwa pembeni. Benki inaweza kuridhika na ya moto peke yake, wewe ukabaki ukiamini umekingwa na maji. Angalia neno “mafuriko” limefafanuliwaje, kama uzio na vyoo vya nje vimo, na kiasi gani cha kila hasara utakibeba mwenyewe. Halafu kadiria thamani kwa gharama ya kujenga upya, bila kiwanja. Kama kujenga upya ni milioni 90 na umekata bima ya milioni 60 ili kupunguza malipo, ukipata hasara ya milioni 30 unaweza kulipwa 20 tu, kwa uwiano ule ule. Watu huita huo wizi. Ni kifungu cha kawaida cha bima, kiko kwenye karatasi uliyosaini. Ukiona umeonewa kweli, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na TIRA kama msimamizi wa soko.

Wapo watakaokwambia Wamarekani wana ramani ya kila mto na mambo yao ni rahisi. Wana mpango wa taifa wa bima ya mafuriko tangu 1968, na ule mstari wa asilimia 1 unaamua nani alazimishwe na benki kukata bima. Lakini hata wao, kuanzia 2021, wamebadilisha namna ya kupanga bei: badala ya kuuliza tu kama nyumba iko ndani au nje ya mstari, wanaangalia umbali wake na maji, aina ya mafuriko, kimo cha sakafu na gharama ya kujenga upya. Mstari ulikuwa unawafanya watu wa mita tano nje yake wajione wako peponi.

Mdogo wako mwambie hivi: halmashauri yake haihitaji kungoja mfadhili ili ianze. Kila baada ya mafuriko, ndani ya siku tatu, mtu aende na rangi na kamera aweke alama ya kimo cha maji kwenye nguzo za madaraja, kuta za shule na zahanati, na aandike tarehe. Baada ya miaka kumi watakuwa na kitu ambacho fedha haiwezi kukinunua kwa kurudi nyuma. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Hiyo ni kazi ya kuwapa mbali na kugawa blanketi. Na wanapopima viwanja, uwanda wa mafuriko waupange kuwa malisho, bustani au viwanja vya mpira. Tena maji hayo yana faida: kumbukumbu za visima vya Makutupora, vinavyolisha mji wetu wa Dodoma, zinazoanzia miaka ya 1950, zinaonyesha kwamba maji ya ardhini hujazwa na vipindi vichache vya mvua kubwa, na kilichojaza kuliko vyote ni cha 1997/98. Maji tunayoyaogopa ndiyo tunayokunywa. Ukiyajengea ukuta kila mahali, utayakosa bombani.

Ujenge? Subiri vipimo. Kama mti wa mzee na takataka za migungani ziko chini ya ardhi ya kiwanja kwa mita moja au zaidi, jenga. Kama zinalingana na ardhi au ziko juu yake kidogo, bado unaweza, lakini jamvi liwe juu ya alama hiyo kwa angalau nusu mita, msingi uwe wa mawe na saruji na ushuke zaidi upande wa korongo, umeme upite juu ukutani, na shimo la choo likae mbali na njia ya maji. Angalia pia udongo: ule mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa, utakupasulia ukuta hata kama mto haujafika. Na kama mzee amekunyooshea alama iliyo mita moja juu ya kichwa cha bikoni, panda mahindi hapo, ukaitafutie nyumba kiwanja kingine. Hasara ya kiwanja ni ndogo kuliko ya kulipa benki miaka 20 kwa nyumba iliyoondoka.

Kwenye fomu, usiandike “hapana”. Ukificha unachokijua, ndicho kitakachotumika kukunyima fidia. Andika: “Jengo liko mita 70 kutoka ukingo wa korongo. Alama ya juu ya mafuriko inayojulikana iko sentimita kadhaa chini ya sakafu, kama ilivyopimwa tarehe fulani, kipimo kimeambatishwa.” Jaza namba zako mwenyewe mahali pa “kadhaa” na “fulani”, saini, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa wakala.